Maneno Sita ya Fundi Redio

"Neno ni mpini. Wimbo gani?"

Hilo ndilo swali la kwanza Fundi aliloniuliza siku nilipoingia kwenye mchezo wake, nikiwa na miaka kumi na saba. Nilifikiria jembe, nikafikiria shamba, nikakumbuka ngoma ya kilimo tuliyopelekwa na shule kuitazama kwenye makumbusho ya Bujora, vijana wakirusha majembe juu na kuyadaka bila kuangalia. Lakini wimbo haukuja. Watu kama kumi walikuwa wananitazama. Fundi alihesabu mpaka tano kwa kugonga bisibisi kwenye ganda la redio, kisha akaielekeza bisibisi kwenye jiwe.

"Kakae."

Jiwe lilikuwa limetokeza katikati ya uwanja wake. Waliojenga pale walishindwa kulivunja, wakaamua kuishi nalo. Aliyekosa wimbo alikaa juu yake mpaka duru iishe, na saa nane mchana jiwe lile lilikuwa kama kikaango. Liliniunguza kupitia sketi ya shule. Nilimchukia siku hiyo, na nataka ieleweke mapema kwamba siandiki haya kwa sababu nimeacha.

Alikuwa fundi redio, kibanda chake kilikuwa nyuma ya stendi ya Buzuruga, Mwanza, na sikumbuki mtu yeyote akimwita jina lingine. Mkewe mwenyewe alimwita Fundi. Alikuwa mfupi, miwani yake imefungwa waya wa shaba upande mmoja, na alikuwa na mikono mizuri kuliko uso wake. Watu walipoacha kutengeneza redio akaanza kuwawekea nyimbo kwenye memori kadi na flashi, lakini ukutani nyuma yake kanda za kaseti ziliendelea kupangwa kutoka sakafuni mpaka kwenye bati, na hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa.

Mchezo ulikuwa kila Jumapili watu wakitoka kanisani. Fundi anatupa neno. Mwenye wimbo ambao neno hilo limemkumbusha anausema, na lazima aeleze njia aliyopita kwa pumzi moja. Fundi akiukubali, anautafuta, anaupiga, wote mnasikiliza mpaka mwisho bila kuongea, kisha mwenye wimbo anachagua neno ndani yake na kumtupia jirani. Mchezo ulikuwa huo tu. Kulikuwa na konda mstaafu wa mabasi ya Musoma ambaye kila neno lilimfikisha kwenye rumba. Kulikuwa na dada wa saluni aliyekulia kwenye nyumba ya Waislamu wa mjini. Yeye alikuja na taarabu za bibi yake na siku hiyohiyo na singeli. Neno "ukungu" nililiona likizaa wimbo wa kwaya kuhusu siku ya mwisho, kutoka hapo "siku" ikazaa wimbo wa filamu ya Kihindi ambao hakuna aliyejua maana yake, kutoka hapo konda akadai yule mwimbaji analia kama mke wake wa kwanza, na neno "mke" likatuangusha kwenye bongo fleva. Nikisema sikufurahia nitakuwa mwongo. Mpaka leo muziki ninaoujua, sehemu kubwa niliupata pale, nikiwa na hasira.

Sikwenda kwa ajili ya muziki lakini. Nilikwenda kwa ajili ya kanda moja.

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka tisa. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na alikuwa na gitaa lenye nyuzi nne zilizobaki. Mama anasema miezi michache kabla ya kuugua alitunga wimbo, wake wa kwanza na wa mwisho, akajifungia chumbani akauimba mbele ya redio kaseti mpaka akaridhika. Mama alikuwa nje, jikoni. Aliusikia mluzi wake tu, kwa sababu baba aliupiga asubuhi akivaa viatu, na mluzi huo ndio nilionao mimi pia. Maneno hatuna. Redio ikaila kanda, utepe ukakatika, baba akaipeleka kwa Fundi aiunge. Kisha akaugua, na baada ya msiba hakuna aliyekumbuka kanda.

Nilipofikisha miaka kumi na saba nilikwenda kuiulizia.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

"Baba yangu aliacha kanda hapa. Alikuwa anafanya kiwanda cha pamba."

Hakuinua kichwa. "Hapa zimepita kanda nyingi kuliko abiria wa hiyo stendi. Kanda gani?"

"Aliimba mwenyewe."

"Hakuna."

"Hujaangalia."

"Binti, kwangu mtu haombi wimbo kwa mdomo. Hapa wimbo unaitwa na neno. Ukitaka, njoo Jumapili."

Nilikuja Jumapili. Ndiyo siku aliyoniweka juu ya jiwe.

Yapo mambo ambayo watu wanayakumbuka kwa Fundi na kucheka, na mimi sijawahi kuona kichekesho. Aliwaumbua watu. Dada wa saluni alipokosea mwaka wa wimbo mmoja, alimwambia kichwa chake kimekaushwa na zile mashine anazowawekea wateja. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alisema singeli ni kelele, Fundi akamzimia redio, akamsimamisha mbele ya wote na kumwamuru ahesabu kwa viganja mapigo ya singeli aliyompigia. Alishindwa. "Sasa kelele ni wewe," Fundi akamwambia, na yule mwalimu hakurudi tena. Hapo nakiri alikuwa na haki, kwa namna yake mbaya: hakudharau muziki wa aina yoyote. Wimbo wa kunyonyeshea mtoto wa kijijini Kwimba aliusikiliza kwa uso uleule aliousikilizia kwaya yenye vinanda. Watu ndio aliowadharau.

Redio mbovu aliipapasa kama mgonjwa. Niliwahi kumsikia akiiambia moja, kwa sauti ya chini, "Pole, pole, nakaribia." Hakuna mtu aliyewahi kuambiwa pole na Fundi.

Yeye mwenyewe hakuimba. Hakuitikia, hakugonga mguu. Konda aliwahi kumuuliza wimbo anaoupenda yeye ni upi, akajibu kwamba daktari haulizwi ugonjwa anaoupenda.

Na alikuwa na mazoea ya kikazi ambayo yalimletea ugomvi zaidi ya mmoja. Enzi za kaseti, mtu alimpa orodha ya nyimbo, yeye akamrekodia kanda ya mchanganyiko. Mara nyingi mwisho wa upande zilibaki dakika mbili tatu. Mafundi wengine waliziacha kimya. Fundi alisema kimya ni wizi, mteja amelipia utepe mzima, kwa hiyo alijazia wimbo wowote uliokuwa karibu na mkono wake, hata kama utepe ungeisha katikati ya neno. Mzee mmoja wa kanisa alichukua kanda ya mapambio, akaiacha icheze kwenye mkesha wa maombi nyumbani kwake, na mwisho wa upande wa pili ikaanza rumba ya mwanamume anayemsihi mhudumu wa baa asifunge mlango. Yule mzee alikuja na kanda mkononi. Fundi alimuuliza jambo moja tu: "Lakini uliupenda?"

Hadithi hiyo niliisikia mara nyingi, na kila mara nilicheka na wengine. Kichwani kwangu ilikuwa kichekesho cha mzee wa kanisa, basi.

Kitu kilichonikera zaidi, baada ya jiwe, ni maneno yake. Mtu mwenye ukuta mzima wa nyimbo alikuwa na maneno sita tu ya kufungulia mchezo. Mpini, ukungu, kikombe, king'ora, shati, mlango. Akifika mlango anarudi mpini. Majuma sita, maneno sita, mwaka mzima, miaka yote. Baada ya neno la kufungulia mchezo ulikwenda popote, lakini kufungua alifungua yeye, na kwa hayohayo.

"Fundi, ukungu tena?" konda alikuwa anamwambia. "Hata bango la kufundishia darasa la kwanza lina maneno mengi."

"Hujanipa bado wimbo wa ukungu ninaoutaka."

"Unautaka upi? Sema tukuletee!"

"Nikisema mchezo umekufa."

Wakati huo nilikuwa nimeanza chuo, nasoma sosholojia, na nilikuwa mtu wa kuhoji kila kitu mpaka mama alinikataza kuhoji wakati wa kula. Likizo nilirudi Buzuruga na kwenda moja kwa moja kumhoji Fundi mbele ya watu.

"Kwa nini neno la kwanza liwe lako kila siku?"

"Shikamoo kwanza."

"Shikamoo. Kwa nini liwe lako?"

"Marahaba, msomi. Kwa sababu uwanja wangu."

"Na nani alisema njia ya wimbo lazima ielezwe? Mtu akikumbuka tu je?"

"Akikumbuka tu, akakumbukie kwao."

Watu walicheka. Tangu siku hiyo nikawa Msomi, na jina hilo alilitamka kama mtu anayetema mbegu ya limau. Mimi ndiye niliyekalishwa kwenye jiwe kuliko wote. Konda aliweza kuleta rumba isiyohusiana na lolote, ikapita. Mimi nilidaiwa kila kitu. Nilileta rege, akasema njia yangu ni ndefu. Nilileta zilipendwa, akasema nimeikariri kwa mtu. Niliamini ananichukia kwa sababu mimi ni mwanamke niliyesoma na sinyamazi. Nilikuwa na nadharia nzima juu ya hilo, na niliifurahia.

Kisha siku moja, neno likiwa king'ora, nilisimama nikasema: "Wimbo wangu hauna jina. Njia yangu ni hii: king'ora cha kiwanda cha pamba kilikuwa kinalia, na baba yangu alikuwa anavaa viatu." Nikaupiga mluzi.

Nilimaliza. Dada wa saluni alikuwa ameshika shavu.

Fundi alikuwa ameweka bisibisi chini. Alivua miwani, akaifuta kwa shati kwa muda mrefu, akaivaa.

"Huo si wimbo," akasema.

"Ni wimbo."

"Wimbo una maneno. Hiyo ni pumzi. Kakae."

"Fundi, mwache jamani," dada wa saluni akasema.

"Uwanja wa nani?"

Sikukaa. Nilichukua begi langu nikaondoka, na kabla ya kuvuka lango nilimgeukia nikamwambia neno ambalo mtu hamwambii aliyemzidi umri hata kwa nusu ya miaka ile. Mama alilisikia kabla sijafika nyumbani. Alinichapa kofi, la kwanza tangu nimalize shule, kisha akakaa kitandani akalia, na sikujua analilia lipi.

Miaka mitatu sikukanyaga pale. Nikamaliza chuo, nikapata kazi ya mkataba kwenye mradi wa maji, nikawa nazunguka vijiji vya ufukweni na karatasi za maswali. Fundi akaugua kisukari, macho yakapungua, wakahamia Sengerema alikozaliwa mkewe. Kibanda kikawa cha kuuza vifuniko vya simu. Jiwe bado lipo. Wanalianikia nguo.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Sengerema siku nne. Siku ya pili nilijikuta naulizia kwa fundi redio, wakanielekeza. Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, mbele yake meza yenye spika na simu za watu. Alikuwa amekonda mpaka shati lilimtoka begani. Ukuta wa kanda ulikuwa umekuja naye. Niliuona kupitia mlangoni.

"Shikamoo, Fundi."

Alielekeza sikio, si macho. "Marahaba. Msomi amekuja kunikagua."

"Nimekuja kuuliza swali nililouliza nikiwa na miaka kumi na saba."

"Hujapata jipya chuoni?"

"Kanda ya baba iko wapi?"

Mkewe alikuwa anachambua mchele hapo pembeni. Alisimamisha mikono. Fundi alipapasa spika iliyokuwa mbele yake, na nadhani alitaka niondoke. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kumwambia mteja kwamba kipuri hakipatikani:

"Niliifuta."

Akanieleza bila kusimama. Aliiunga vizuri, akaisikiliza yote. Siku chache baadaye alikuwa anajaribu kitufe cha kurekodi cha redio ya mtu. Akachukua kanda iliyokuwa karibu na mkono. Kaseti ina vijino viwili mgongoni. Ukivivunja, redio haiwezi kurekodi juu yake, na baba alikuwa amevivunja. Lakini Fundi alikuwa na mazoea ya kuziba matundu yale kwa karatasi, kila kanda inayopita mkononi mwake, kwa sababu kwake kanda isiyorekodika ilikuwa kanda mbovu. Akabonyeza, akaenda kunywa chai. Aliporudi alikuta imerekodi redio ya taifa, matangazo ya vifo, upande mzima.

"Baba yako alikuja mara mbili kuiulizia," akasema. "Nikamwambia bado naiunga."

"Na akafa."

"Akafa akijua bado naiunga."

"Na mimi ukaniambia hakuna."

"Haikuwepo. Nilisema uongo gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka yote hiyo kumsikia akikiri, na nilipomsikia nilitaka kupindua ile meza yake. Nilimuuliza kwa nini basi alinikalisha kwenye jiwe. Kwa nini aliniambia nije Jumapili, na nilipokuja akanifukuza kila Jumapili.

"Nilitaka usije," akasema. "Na nilitaka uje." Kisha, kama vile hayo yalikuwa yamemchosha kuliko ugonjwa, akaigeukia meza. "Una simu? Weka nikujazie nyimbo."

"Sitaki nyimbo zako."

"Neno ni mpini, Msomi."

"Kafie mbali, Fundi."

Mkewe akashika kifua. Fundi akaitikia kwa kichwa polepole, kana kwamba hatimaye nimemletea jibu ambalo njia yake imenyooka. Nilirudi Mwanza nikamweleza mama yote. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo ilifutwa. Angalau nimeacha kuitafuta chini ya kitanda."

Miezi minane ikapita. Jumamosi moja mkewe Fundi alinipigia, akasema yuko stendi ya Buzuruga na mzigo wangu. Nilimkuta na kaseti iliyofungwa kwenye gazeti.

"Kuna mama anauza vitenge sokoni kwetu," akaniambia. "Alileta simu aongezewe nyimbo. Fundi akamtupia yale maneno yake, unamjua. Akamwambia, mpini. Yule mama akacheka, akasema upo wimbo mmoja mwishoni mwa kanda ya rumba ya marehemu mume wake, mtu anaimba mpini, hawajawahi kumjua ni nani. Mume wake alirekodiwa kanda hiyo hapahapa Buzuruga, zamani."

"Fundi alijazia?"

"Dakika zilikuwa zimebaki. Ilikuwa kabla hajaifuta. Alisema wimbo ulikuwa mzuri, ukamkaa mkononi. Halafu akasahau alimjazia nani." Alinitazama. "Kanda ilipofika, siku hiyo hakula. Amesema usije kumshukuru."

"Sikuwa na mpango huo."

"Nilimwambia hivyo hivyo."

Fundi yu hai mpaka leo. Sijavuka tena ziwa kwenda Sengerema.

Redio kaseti tuliiazima kwa konda. Mama aliiweka juu ya meza ya chakula, tukasikiliza rumba za marehemu wa mtu mwingine upande mzima, kwa sababu hakuna kati yetu aliyethubutu kupeleka mbele utepe. Kisha gitaa la nyuzi nne likaanza, na sauti ambayo nilidhani naikumbuka, kumbe sikuwa naikumbuka hata kidogo. Ni wimbo wa mtu anayetoka alfajiri. Mpini wa jembe ameuacha ukiwa bado na joto la mkono wake. Ukungu umeshuka mpaka barabarani. Kikombe cha chai amekiacha nusu. King'ora kinamwita. Shati halijakauka, amelivaa hivyohivyo. Mlango, anamwambia mkewe, ufunge taratibu, binti asi—

Hapo utepe unaisha.

Mama alirudisha nyuma tukasikiliza tena, na safari hii niliyahesabu maneno ya Fundi kwa vidole. Yalikuwa sita, na yalikuwa kwa mpangilio uleule. Jumapili zote zile, mbele ya konda, na dada wa saluni, na mimi juu ya jiwe, Fundi alikuwa anamuuliza kila aliyeingia uwanjani kwake kama anao wimbo wa baba yangu, na neno la kwanza la wimbo huo ni mpini.